Buffy Sainte-Marie ni Mkrii au Mwitaliano wa Massachusetts? Wajuzi njooni

#1 Kinanda_cha_Tanga
Habari za jioni wakuu.

Nilikuwa napanga vitu vya marehemu mzee wangu, alikuwa baharia. Kwenye sanduku la santuri nimekuta moja ya mwaka 1964, "It's My Way!" ya Buffy Sainte-Marie. Mzee alikuwa akiipiga Ijumaa usiku akirudi safari, anatwambia: "Huyu binti ni Mhindi Mwekundu, kabila lake Krii, anawatetea watu wake kwa gitaa." Tumekua tunajua hivyo.

Sasa nimeingia mtandaoni kumtafuta, nikakuta balaa. Oktoba 2023 CBC, ile runinga ya umma ya Kanada, ilitoa kipindi kinachosema bibi huyu hakuzaliwa kwa Wakrii wa Saskatchewan, jimbo la Kanada, kama alivyosimulia miaka 60. Wanasema kazaliwa Stoneham, Massachusetts, tarehe 20 Februari 1941, baba Albert mwenye asili ya Italia, mama Winifred, na jina aliloandikishwa ni Beverly Jean Santamaria. Cheti wamekionyesha.

Alitudanganya, alidanganywa, au ni sisi tusioelewa kabila huko kwao linahesabiwaje?

#2 Mchunga_Mbuzi
Natandika mkeka hapa, wajuzi waje.

#3 Dada_wa_Upanga
Kabla hamjaenda mbali, hilo la "Wahindi Wekundu" liacheni. Mhindi ni mimi, babu yangu kashuka jahazini kutoka Kutch na duka letu mnalijua. Columbus kapotea njia miaka 500 iliyopita, mnataka na sisi tupotee naye? Semeni wenyeji asilia, au Mataifa ya Kwanza kama wenyewe wanavyojiita Kanada.

#4 Kinanda_cha_Tanga
Samahani dada, nilimnukuu marehemu.

#5 Dada_wa_Upanga
Marehemu nimemsamehe. Wewe nakuangalia.

#6 Mzee_wa_Elvis
Ngojeni niwape historia, maana vijana mnabishania cheti wakati nyimbo hamjazisikia.

Huyu mama amekulia Wakefield, Massachusetts, akasoma Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst. Mwanzoni mwa miaka ya sitini akaingia kwenye vile vilabu vya kahawa vya New York na Toronto ambako kina Bob Dylan walikuwa wanapiga magitaa. Mwaka 1963 akaandika "Universal Soldier", wimbo unaomwambia askari, na mimi na wewe tuliompigia kura aliyemtuma, kwamba vita lawama yake ni yetu sote. Mwimbaji Donovan akauimba 1965 ukavuma.

Halafu "Until It's Time for You to Go", wimbo wa mapenzi. Elvis ameutoa 1972! Watu wa Elvis walitaka wapewe sehemu ya hakimiliki, desturi yao hiyo, yeye akagoma. Na ule wa "Up Where We Belong" mnaocheza harusini bila kujua mwenyewe ni nani, ameutunga pamoja na Jack Nitzsche na Will Jennings, Joe Cocker na Jennifer Warnes wakauimba. Ukapata tuzo ya Oscar 1983. Miaka 40 tumeambiwa ndiye mwenyeji asilia wa kwanza kupata Oscar.

Mengine ya damu na vyeti siyajui, ila huyu mtu si wa mchezo.

#7 Mchunga_Mbuzi
Mzee kila uzi lazima Elvis apite. Hata ule wa bei ya mbaazi.

#8 Mzee_wa_Elvis
Mbaazi hazina wimbo, kijana.

#9 Roli_la_Regina
Hamjambo. Mimi Mkenya, naendesha malori hapa Regina, Saskatchewan, mwaka wa kumi na moja huu. Piapot, hiyo jamii aliyosema anatoka, iko kaskazini-mashariki ya mji, si mbali. Wacha niwaeleze vile watu wa hapa wanaongea, maana nimesikia pande zote mbili ndani ya lori moja.

Hadithi yake ya zamani ilikuwa hivi: alizaliwa Piapot, kwenye bonde la Qu'Appelle, akachukuliwa mchanga akapewa familia ya Marekani. Sasa, hata wanaompinga hawabishi kwamba alipokuwa binti mkubwa, mwanzoni mwa sitini, Emile Piapot na mkewe Clara Starblanket walimchukua kuwa mtoto wao kwa desturi ya Wakrii. Wakamfanya mwana kabisa, akawa anaenda na kurudi pale miaka yote. Mwanawe amempa jina Starblanket ndani yake.

CBC walipotoa kipindi, watu wa ukoo huo wa Piapot walisema wazi kwamba kwao yeye ni ndugu, na kwamba sheria ya Wakrii ya kumchukua mtu ina uzito kuliko karatasi za wakoloni. Lakini wapo wenyeji asilia wengine, wengi tu, waliosema hapana, kuchukuliwa ukiwa mkubwa ni jambo la heshima, lakini hakukupi ruhusa ya kusema ulizaliwa pale na ukaibwa.

Mama mmoja Mkrii tuliyekuwa tukifanya kazi naye alinifundisha maneno mengi ya kwao. Siku ile ya kipindi hakuongea. Kesho yake aliniambia tu kwamba alimpa bintiye jina la Buffy.

#10 Pwani_Halisi
Roli, hapo umenigusa. Hilo la mwisho nimelisoma mara mbili.

#11 Wakili_Msomi
Tunachanganya mambo. Mtoa uzi kasema "cheti wamekionyesha". Cheti si msahafu. Marekani mtoto akichukuliwa na wazazi wengine kisheria, cheti chake cha kwanza hufungwa na mahakama, kinatolewa kipya chenye majina ya wazazi walezi kana kwamba ndio waliozaa. Mwanasheria wake alisema jambo hilo hilo, kwamba Massachusetts watoto wa kulelewa walikuwa wakipewa vyeti vya namna hiyo. Kwa hiyo kuonyesha cheti chenye jina la Santamaria peke yake hakumalizi kesi.

#12 Bibi_Harusi_2009
Afadhali umesema. Mimi nimezaliwa nyumbani Rufiji mikononi mwa bibi. Cheti nimekipata nina miaka 19 kwa sababu chuo walikitaka. Tukaenda na hati ya kiapo, aliyeapa ni baba mdogo, karani akaandika baba mdogo ndiye baba. Tarehe tukachagua tarehe moja Julai kwa sababu mama anakumbuka ilikuwa msimu wa kuvuna. Leo CBC wakija kwangu watasema mimi tapeli!

#13 Wakili_Msomi
😂 Wewe shahidi wangu namba moja.

#14 Faili_la_Arusha
Wakili, punguza mwendo. Nimekiangalia hicho kipindi. Hawakusimamia cheti tu. Cheti chenyewe kimesainiwa na daktari aliyezalisha, na karani wa mji wa Stoneham alieleza kwamba kumbukumbu zao zimefungwa kwa namba za mfuatano, huwezi kuchomeka karatasi katikati baadaye. Halafu kuna bima ya maisha ya utotoni, sensa, na cheti cha ndoa yake na Nitzsche ya 1982 ambako imeandikwa kazaliwa Massachusetts. Halafu kipimo cha DNA: kimefanywa na ndugu wa nyumba hiyo ya Santamaria, kikaonyesha kwamba mwanawe Buffy ni damu yao.

Na hili halikuanza 2023. Kaka yake aliliandikia gazeti huko Denver mwaka 1972 kwamba dada yake si mwenyeji asilia. Ugomvi wa nyumbani uliokaa nusu karne.

Kisa cha Bibi Harusi ni cha kweli lakini si mfano wake. Kwako hakuna kilichoandikwa siku unazaliwa. Kwake kimeandikwa.

#15 Mtoto_wa_Ukerewe
Kwani si alikuwa mmojawapo wa wale watoto walioporwa na serikali, wanaita Sixties Scoop? Nimesoma watoto zaidi ya 20,000 walichukuliwa kwa nguvu wakagawiwa familia za wazungu. Ndio maana hajui kwao.

#16 Roli_la_Regina
#15, wengi hapa walidhani hivyo pia na ndio maana iliuma. Lakini hesabu haikubali. Uporaji huo ulianza miaka ya hamsini, baada ya sheria kubadilishwa 1951, ukaendelea mpaka themanini. Yeye wa 1941. Kabla ya hapo balaa lilikuwa shule za bweni za kanisa na serikali, watoto zaidi ya 150,000 walipita huko, wengine hawakurudi.

Waliochukuliwa kweli ndio walimpenda zaidi. Mtu umelelewa Ontario na watu wasiokufanana, hujui mama yako, unamwona yeye kwenye runinga anasema "na mimi pia nilichukuliwa, na nimerudi, na nimepokelewa". Sasa ukiambiwa hakuchukuliwa, unabaki na nini?

#17 Msafiri_Kafiri
Nyie mnalia. Mimi naona biashara tu. Miaka ya sitini wazungu wa New York walikuwa na njaa ya "Mhindi wa kweli" (Dada wa Upanga usinipige). Binti mweusi wa nywele, sauti inatetemeka, anapiga upinde wa mdomo. Magazeti ya mwanzo yenyewe yalikuwa hayaelewani: mara Algonquin, mara Mi'kmaq, baadaye ndio Krii. Mtu anayejua kwao habadilishi kabila mara tatu.

#18 Dada_wa_Upanga
Nimekuona.

Lakini #17, kubadilisha-badilisha huko kunaweza kusomwa upande wa pili. Mama aliyemlea alikuwa akisema ana chembe ya Mi'kmaq. Mtoto anakua kwenye nyumba ambayo jina lenyewe limebadilishwa. Walikuwa Santamaria wakajiita Sainte-Marie, kwa sababu wakati wa vita Mwitaliano Marekani hakupendwa. Yeye mwenyewe amesimulia hadharani kwamba utoto wake ulikuwa na dhuluma nyumbani. Mtoto wa namna hiyo akiambiwa hata kwa nusu neno "wewe si wa hapa", atalishika neno hilo kama boya. Kosa la kwanza huenda ni la wakubwa.

#19 Msafiri_Kafiri
Boya la miaka 60 na tuzo juu?

#20 Faili_la_Arusha
Mwenyewe alijibu kwamba hajui alizaliwa wapi wala wazazi wake ni nani, na kwamba hajawahi kudanganya kuhusu yeye ni nani. Mjadala wa nia uko hapo. Karatasi haipimi nia.

#21 Sheikh_Kibaraza
Asalaam aleikum. Kwa sisi Waislamu hili lina mlango wake. Mtoto wa kulea ni thawabu kubwa, lakini anaitwa kwa jina la baba yake mzazi, habadilishiwi nasaba. Harithi kwa haki ya mtoto, ila mlezi anaweza kumwachia kwa wasia, usizidi theluthi. Kwa hiyo mapenzi ni kamili na nasaba ni mbali. Wakrii naona wao wamefunga vyote kwenye kamba moja: ukichukuliwa umezaliwa. Sasa CBC wanampima kwa nasaba, Piapot wanampima kwa malezi. Mizani mbili tofauti, na kila mmoja anasema yake ndiyo mizani.

#22 Pwani_Halisi
Sheikh umenikumbusha. Bibi yangu mzaa mama aliletwa Kilwa mdogo kutoka upande wa Ziwa Nyasa, akalelewa nyumba ya watu wenye jina. Akaozwa kama mtoto wa nyumba, akasuka mikeka kama mtoto wa nyumba, akazikwa makaburi yao. Hakuna aliyewahi kusema kitu. Mwaka uliouzwa mnazi wa ukoo ndio tukasikia "lakini yule hakuwa wetu". Miaka 70 hakuna aliyelikumbuka, mpaka pesa ya minazi ilipofika mezani.

#23 Msafiri_Kafiri
Kwa hiyo fuata pesa. Nakubaliana na bibi yako.

#24 Kikombe_Cha_Bukavu
Bandugu, mniruhusu. Hilo la kuandika kabila kwenye karatasi sisi wa huku Maziwa Makuu tunaliogopa. Kwa jirani zetu Rwanda, Wabelgiji walianza kuandika kabila kwenye kitambulisho miaka ya thelathini. 1994 watu waliulizwa kitambulisho barabarani. Mtu akisema "karatasi inajua kuliko jirani yako", mwili wangu unasisimka.

#25 Roli_la_Regina
Kikombe, pole, na umenifungulia mlango. Wacha niwaambie vile serikali ya Kanada ilihesabu nani ni nani, mtashangaa.

Kuna sheria ya 1876 inayopanga mpaka leo nani ni "Mhindi" wa kuandikishwa. Mpaka 1985 ilikuwa hivi: mwanamke Mkrii akiolewa na mzungu, anafutwa kwenye daftari, yeye na watoto wake, hata kurudi kuishi kwao inakuwa shida. Mwanamke mzungu akiolewa na Mkrii wa daftari, anaandikwa Mhindi! Mzungu mtupu, Mhindi wa serikali. Na Mkrii mtupu si Mhindi.

Tena baada ya vita vya 1885 vya wenyeji wa huku na serikali, kutoka ndani ya makazi waliyotengewa ilibidi uombe karatasi ya ruhusa kwa afisa. Wakenya hapa, hiyo si kipande, kile kitambulisho cha mkoloni? Babu yangu alivaa kipande shingoni kwa kijibati. Siku nilipomwelezea yule mama Mkrii habari ya kipande alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Kumbe ni mtu mmoja."

Ndio maana wazee wa hapa ukiwaambia "karatasi inasema" wanakuangalia tu.

#26 Mtoto_wa_Ukerewe
Na hayo "makazi" mnaita hifadhi? Nimeona tafsiri moja imeandika "alizaliwa katika hifadhi ya Piapot", nikadhani kuna tembo.

#27 Roli_la_Regina
😂 Kwetu wazee walisema rizavu. Mkoloni aliweka Wakikuyu kwenye rizavu, akaweka Wakrii kwenye rizavu. Neno moja, fundi mmoja.

#28 Gitaa_Bovu
Mmemaliza ukoo? Mimi fundi wa muziki, nataka kuongelea kitu mlichokipita mbio. Mzee wa Elvis kasema habari ya hakimiliki lakini hakusema la dola moja.

"Universal Soldier" aliiuza haki zake kwa DOLA MOJA. Kijana mmoja wa bendi alimfuata klabuni akamwambia nani anachapisha wimbo huu, yeye hata hajui maana ya kuchapisha, akatia saini. Miaka kama kumi baadaye akaununua tena wimbo wake mwenyewe kwa dola 25,000. Ndio maana watu wa Elvis walipokuja alikuwa keshaungua, akapuliza maziwa.

Mimi mwaka 2006 nilirekodi kiitikio studio moja mjini, nikapewa elfu ishirini na soda. Miaka mitatu baadaye niko kwenye daladala nasikia sauti yangu inatangaza sabuni. Abiria mwenzangu anaimba. Nikataka kumwambia "ni mimi huyo", nikaona ataniuliza mbona basi niko kwenye daladala.

#29 Mchunga_Mbuzi
Gitaa_Bovu, sabuni gani hiyo tuigomee?

#30 Gitaa_Bovu
Acha tu, mke wangu anaipenda.

#31 Kalamu_ya_Dodoma
Upinde wa mdomo aliotaja #17. Huo wapenzi wengi wa Buffy walidhani ni chombo cha Wakrii. Alifundishwa na mwanamuziki mwenzake, Patrick Sky. Unashika upinde, ncha moja mdomoni, unagonga uzi, mdomo ndio unabadilisha sauti. Kwetu Wagogo tuna ndono, nayo ni upinde, ila una kibuyu badala ya mdomo. Marehemu Hukwe Zawose aliufanya ulimwengu usikie vyombo vya Kigogo, ilimba na izeze, akiwa Bagamoyo pale chuo cha sanaa. Yeye alivipata kwa baba yake. Hakuna aliyemwuliza cheti.

#32 Msafiri_Kafiri
Kwa sababu hakuhitaji kukisema. Alikuwa Mgogo anaimba Kigogo. Angekuwa Mpare anajiita Mgogo kule Uingereza mngesikia kelele mpaka Same.

#33 Kalamu_ya_Dodoma
Nilitaka kukujibu kwa utani wa makabila. Ila umenikaba.

#34 Faili_la_Arusha
Turudi kwenye utetezi maana mtoa uzi kasema "anawatetea watu wake". Hapa sina ubishi na mtu, kazi ipo, hata kwa macho ya adui.

1964 kwenye hiyo santuri ya mzee wako kuna "Now That the Buffalo's Gone". Unahusu bwawa la Kinzua, Pennsylvania, lililozamisha ardhi ya Waseneka waliyoahidiwa kwa mkataba wa 1794, enzi za George Washington. Watu kama 600 walihamishwa.

1968 akaitwa kuigiza kwenye tamthilia ya runinga ya wachunga ng'ombe. Akasema haji mpaka nafasi zote za wenyeji asilia zichezwe na wenyeji asilia. Wakakubali.

1969 akaanzisha mfuko wa kusomesha vijana wa asili. Miaka ya tisini akatengeneza mtaala wa shule kuhusu makabila hayo, watoto wa Wakrii wakawa wanaandikiana na watoto wa mbali kwa kompyuta, wakati wengi wetu hatujaiona intaneti.

Na kwenye Sesame Street, kipindi cha watoto, mwaka 1977 alimnyonyesha mwanawe mbele ya kamera, yule ndege mkubwa wa manjano anauliza unafanya nini, yeye anajibu kwa upole kama mama yeyote barazani.

#35 Bibi_Harusi_2009
Kunyonyesha mbele ya ndege wa manjano! Nimempenda upya.

#36 Mzee_wa_Elvis
Na alifungiwa redio, msisahau. Serikali ya Rais Johnson iliandikia vituo vya redio visimpige kwa sababu ya vita vya Vietnam.

#37 Faili_la_Arusha
Mzee, hilo ni simulizi lake mwenyewe. Anasema alilisikia miaka ya themanini kwa mtangazaji aliyepata barua ya pongezi kwa kumfungia. Tuseme "anasema".

#38 Mzee_wa_Elvis
Sasa kila analosema tutaandika "anasema"?

#39 Msafiri_Kafiri
Ndiyo mzee. Hiyo ndiyo bei yake.

#40 Wakili_Msomi
Msafiri, leo umesema neno. Ila nyote hamjagusa alivyovuliwa tuzo, na hapo kuna kichekesho cha kisheria.

Nishani ya Kanada alipewa 1997. Januari 2025 Gavana Mkuu, Mary Simon, akaifuta. Huyo Simon ni Mwinuit, mwenyeji asilia wa kwanza kushika kiti hicho. Machi 2025 wenye tuzo za Juno na wale wa Polaris, waliompa 2015, zote tuzo za muziki za Kanada, nao wakachukua zao. Someni sababu waliyoitoa hao wa Juno na Polaris: hawakusema "si Mkrii". Walisema si raia wa Kanada, na tuzo ni za Wakanada. Yeye akajibu kwamba ni raia wa Marekani, na hakuwahi kuficha, medali karudisha kwa moyo mweupe.

Yaani lile swali zito la damu, malezi, uongo na ukweli, hakuna mahakama wala baraza lililothubutu kulijibu. Wametoka na mlango wa pasipoti.

#41 Sheikh_Kibaraza
Mwenye hekima hukwepa. Swali kama hilo ukilijibu leo kwa mmoja, kesho wanapanga foleni.

#42 Roli_la_Regina
Na foleni ipo. Huku kuna historia ndefu ya watu kujifanya. Kulikuwa na Mwingereza wa Hastings, Archie Belaney, alijiita Grey Owl miaka ya thelathini, akapokelewa kila mahali kama mwenyeji asilia mlinzi wa misitu. Alikufa 1938, ndio ikajulikana. Marekani kulikuwa na mwigizaji Iron Eyes Cody, yule wa tangazo la kulilia takataka la 1971, naye wazazi wake Wasisilia.

Tena siku hizi kuna nafasi za kazi vyuoni na ruzuku zilizotengwa kwa wenyeji asilia. Kila anayejifanya anakalia kiti cha mtu. Vijana wa Kikrii hapa wanaosema "tuzo ile angepata mwenzetu" siwezi kuwaambia wamekosea. Na wazee wa Piapot wanaosema "ni mtoto wetu" siwezi kuwaambia pia. Mimi ni mgeni, nanyamaza, nabeba mizigo.

#43 Pwani_Halisi
Na sisi tunaobishana hapa, "Mswahili" ni nani? Mzee wangu kila sensa alikuwa anabadilisha: mara Mshirazi, mara Mwarabu, baada ya uhuru Mtanzania tu. Alikuwa haongopi. Alikuwa anasoma upepo.

#44 Msafiri_Kafiri
Mzee wako alisoma upepo kuokoa nafsi. Si sawa na kupata Juno.

#45 Pwani_Halisi
Kweli si sawa. Lakini karani wa sensa hakujua tofauti.

#46 Kinanda_cha_Tanga
Wakuu nimerudi. Nimesoma zote. Ahsanteni.

Nilimpigia mama nikamweleza. Akacheka, akasema "kafungue kile kitabu cha ubaharia cha baba yako". Nimekifungua. Kimeandikwa: amezaliwa Mombasa, kabila Mdigo. Mzee kazaliwa Moa, huku kwetu Tanga, na ni Msegeju, ukoo mzima unajua. Mama anasema wakati ule meli zilikuwa zinaandika watu Mombasa, na rafiki yake Mdigo ndiye aliyemsimamia, basi akaandikwa kama ndugu yake. Na kila meli ikitia nanga Mombasa alikuwa analala kwao. Mama wa yule rafiki alipofariki mzee alikaa matanga siku zote.

Sijui niandike nini zaidi.

#47 Sheikh_Kibaraza
Allah amrehemu. Kaburini mmeandika nini?

#48 Kinanda_cha_Tanga
Jina na tarehe. Ya kuzaliwa tulikadiria.

#49 Msafiri_Kafiri
Pole ndugu. Leo sina neno.

#50 Mzee_wa_Elvis
Kinanda, hiyo santuri inalia au imekwaruzika?

#51 Kinanda_cha_Tanga
Inalia mzee. Upande wa kwanza safi. Wa pili sindano inaruka, inarudia mstari mmoja.

#52 Gitaa_Bovu
Usiisugue na kitambaa kikavu! Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, ufuate mifereji yake usikate katikati. Na sindano mpya tafuta, hiyo ya zamani ndiyo inayochimba.

#53 Mchunga_Mbuzi
Sabuni gani, Gitaa_Bovu?

#54 Gitaa_Bovu
Nilijua tu utafika hapo.